Umesikiliza Anga na Hukuambulia Kitu: Utatuzi wa Matatizo ya Kutafuta FRB Zinazorudia

Kwa siku kumi na moja niliamini kwamba FRB 20220912A, chanzo cha milipuko mifupi ya redio kutoka mbali angani, imeninyamazia mimi peke yangu. Ilikuwa mwishoni mwa 2022. Chanzo hicho, kilichogunduliwa na darubini ya CHIME kule Kanada mwezi wa tisa, kilikuwa kinapiga kelele kiasi kwamba hata madishi madogo yalikuwa yanakisikia. Darubini ya FAST ya China ilikuja kuhesabu milipuko 1,076 ndani ya saa 8.67. Mimi nilikuwa na saa arobaini za dishi la mita 25, na kila faili ilipomalizika jibu lilikuwa lilelile: sifuri.

Siku ya kumi na mbili nikafungua faili ya dakika tano ya pulsa (nyota inayotoa mapigo ya redio kwa mpangilio) B0329+54, ile ambayo wengi wetu tuliionyeshwa siku ya kwanza ya mafunzo. Ilionekana, tena kwa nguvu. Lakini nguvu yake ilikuwa kubwa zaidi kwenye DM sifuri (DM ni kipimo cha jinsi masafa ya chini yanavyochelewa njiani, nitakieleza hapa chini), na kila nilipopandisha DM ikafifia, wakati ilitakiwa ipande mpaka 26.7 ndipo ianze kushuka. Kichwa cha faili kilisema chaneli ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha masafa, ni ya masafa ya chini, kumbe ni ya juu. Programu ilikuwa inachukua ishara iliyopinda na, ikidhani inainyoosha, inazidi kuipinda.

Tangu hapo siamini kimya chochote kabla sijathibitisha kwamba ningesikia kama kungekuwa na sauti. Yaliyomo humu chini yote yametoka kwenye imani hiyo moja.

Kwa aliyeingia katikati ya mazungumzo: FRB ni milipuko ya mawimbi ya redio inayodumu milisekunde chache tu, na karibu yote inatoka galaksi nyingine. Wa kwanza kutangazwa ni ule uliotambuliwa na Duncan Lorimer na wenzake mwaka 2007 katika data za darubini ya Parkes, Australia, zilizorekodiwa 2001. Milipuko mingi imeonekana mara moja tu. Michache inarudia, na ya kwanza kujulikana kwa tabia hiyo ni FRB 20121102A, iliyonaswa na darubini ya Arecibo tarehe 2 Novemba 2012, na marudio yake yakatangazwa 2016. Kwenye orodha ya kwanza ya CHIME ya mwaka 2021 kulikuwa na milipuko 536, na vyanzo vinavyorudia humo vilikuwa 18.

Njiani mawimbi hukutana na elektroni huru, na masafa ya chini hucheleweshwa zaidi kuliko ya juu. Wingi wa elektroni hizo njia nzima ndio tunaouita kipimo cha mtawanyiko, yaani DM. Ucheleweshaji kwa milisekunde ni 4.15 × DM × (1/f² ya chini − 1/f² ya juu), f ikiwa kwa gigahezi. Kwa DM ya 560, kutoka gigahezi 1.5 mpaka 1.2, ishara inachukua karibu milisekunde 580 kushuka. Kwa DM ya 500 katika masafa ya CHIME, megahezi 800 hadi 400, inachukua sekunde 9.7. Shika namba hizi kichwani, maana nusu ya matatizo yanaanzia hapo.

Dalili: watuhumiwa maelfu kwa saa moja

Naziita watuhumiwa ishara zote ambazo programu imezikamata na bado hazijasomewa hukumu. Wakiwa elfu sita ndani ya saa moja, usishtuke. Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi na ndilo jepesi kuliko yote.

Anza na mchoro mmoja: uwiano wa ishara na kelele upande mmoja, DM upande wa pili. Ishara ya angani ina kilele kwenye DM yake, kisha inaporomoka pande zote mbili kama kichuguu. Ishara ya hapa duniani ina kilele kwenye sifuri na inafifia polepole. Ukiona safu wima ya nukta zinazogusa kila DM kwa wakati mmoja, hiyo ni rada, simu, au injini ya pikipiki iliyopita karibu na dishi.

Dawa yake ni kuzifunika chaneli mbovu kabla ya kutafuta. Nyingine ni za kudumu, na unaweza kuzifunika hata kabla ya kuangalia data: minara ya simu jirani na megahezi 900, vifaa vya kupimia umbali wa ndege kati ya 960 na 1215, setilaiti za GPS kwenye 1227.6 na 1575.42. Nyingine ni za wakati fulani tu, na kwa hizo rfifind, iliyomo kwenye furushi la programu za PRESTO, inatosha. Watu wengi pia huondoa wastani wa chaneli zote kwa kila sampuli, ili chochote chenye DM sifuri kifutike. Inasaidia sana, ila inamega na ishara halali, hasa zile pana zenye DM ndogo. Iendeshe mara mbili, nayo na bila yayo, kisha linganisha.

Kabla ya kulaumu minara ya simu, tazama kizingiti chako pia, yaani uwiano wa ishara na kelele ambao chini yake programu haikamati kitu. Saa moja ya sampuli za mikrosekunde 64 ni sampuli milioni 56. Zidisha kwa DM elfu moja unazozijaribu, unafika majaribio bilioni 56. Hayajitegemei kabisa, lakini hesabu ya kukadiria inafaa: kwa kizingiti cha 5, chenga tupu, bila binadamu yeyote, zinaweza kukupa watuhumiwa kama elfu kumi na sita. Kwa 6, kama hamsini. Kwa 7, pengine hakuna hata mmoja. Aliyeshusha kizingiti mpaka 5 "ili asikose kitu" amejitafutia kazi ya mwezi mzima.

Dalili: imepinda vizuri, DM yake inaridhisha, ila kuna kitu hakikai sawa

Hii ndiyo hatari zaidi kwa sababu inafurahisha. Kisa cha kuijua ni cha Parkes. Kwa miaka mingi walikuwa wananasa ishara zinazoshuka masafa kama FRB, na DM yake ya kukadiria mara nyingi ilikuwa jirani na ile ya mlipuko wa Lorimer, ambao ni 375. Wakaziita peritoni, jina la mnyama wa kubuni mwenye mabawa ambaye kivuli chake ni cha binadamu. Aliyezipa jina hilo alikuwa ameshanusa jibu. Ishara hizo zilionekana kwenye miale yote 13 ya kipokezi kwa pamoja (mwale ni kipande cha anga ambacho dishi linakisikia), na zilipenda saa za kazi, hasa karibu na chakula cha mchana.

Waliweka kifaa cha kufuatilia masafa mapana kituoni. Januari 2015, ndani ya wiki moja, wakapata peritoni tatu, na kila moja iliambatana na mshindo kwenye gigahezi 2.4. Emily Petroff na wenzake wakaenda jikoni. Ukifungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza muda wake, kifaa cha ndani kinachozalisha mawimbi huzimika taratibu, na katika kuzimika huko hutema mawimbi yanayoteleza kwenye masafa ya chini. Dishi likielekea upande unaofaa, unapata FRB ya chai.

Kwa hiyo mtuhumiwa mwenye sura nzuri apite maswali haya. Je, ameonekana kwenye miale yote? Chanzo cha angani kilicho mbali hugusa mwale mmoja, pengine na majirani zake, hakienei kote kwa nguvu sawa. Je, mpindo wake unafuata kanuni ya mraba wa masafa, au umekaribia mstari ulionyooka? Peritoni nyingi zilivunjika vipande ukizitazama kwa karibu. Na swali la tatu, ninalolipenda kuliko yote: anafuata saa gani? Nyota hurudi mahali pale pale dakika nne mapema kila siku. Chanzo kilichopita juu yako saa mbili usiku leo, baada ya mwezi kinapita saa kumi na mbili jioni. Kama watuhumiwa wako wanashikilia saa saba mchana wiki nenda wiki rudi, hao wana saa ya ukutani.

Jambo jingine la kuangalia haraka: galaksi yetu yenyewe ina elektroni kiasi gani upande huo? Mifumo ya NE2001 na YMW16, yaani ramani za kompyuta za elektroni za galaksi yetu, inakupa makadirio. Upande wa FRB 20121102A galaksi yetu, Njia Nyeupe, inachangia karibu 188, na chanzo kina karibu 560, kwa hiyo hakuna ubishi. DM ikiwa chini ya mchango wa galaksi, umekamata pulsa. Hongera, lakini siyo unachokitafuta. Ila DM ndogo peke yake isikudanganye: FRB 20200120E ina DM chini ya 90, na iko kwenye kundi la nyota la galaksi ya M81, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 tu.

Dalili: chanzo kinajulikana kurudia, umesikiliza saa nyingi, hakuna kitu

Hapa tukae kidogo.

Swali la kwanza liwe la kijinga: je, chanzo kilikuwa juu ya upeo? FRB 20180916B iko kwenye nyuzi 65.7 kaskazini. Kwa aliye Karoo, Afrika Kusini, ilipo darubini ya MeerKAT, haichomozi kamwe. Kwa aliye Nairobi inafika nyuzi 23 hivi juu ya upeo, basi, na dishi nyingi zikiwa chini kiasi hicho zinakusanya joto la ardhi kuliko mawimbi ya anga. FRB 20121102A, iliyo nyuzi 33 kaskazini, MeerKAT inaipata ikiwa chini chini, na inatosha: tarehe 10 Septemba 2019 ilinasa milipuko 11 kwa saa tatu. Angalia pia kwamba mahali unapolenga ni pale hasa. Mwale wa dishi la mita 25 kwenye gigahezi 1.4 una upana wa kama nusu ya nyuzi na ushee. Ukichukua mahali pa awali palipotangazwa kwa haraka, kabla hapajapimwa vizuri, unaweza kukaa nje ya mwale usiku kucha na usijue.

Swali la pili ni la pulsa. Nimeshalisimulia. Kila kikao kianze na dakika tano za pulsa unayoijua: B0329+54 ukiwa kaskazini, Vela yenye DM ya 68 ukiwa kusini. Wa Afrika Mashariki tuna bahati ya kuona zote mbili. Ukitaka kipimo kilicho karibu zaidi na FRB, sikiliza pulsa ya Kaa, DM 56.8. Huwa inatupa mapigo makubwa ya moja moja, na programu ya kutafuta mlipuko mmoja inatakiwa iyakamate bila kuambiwa ina mzunguko wa milisekunde 33. Kama pulsa haionekani, au inaonekana kwenye DM isiyo yake, acha kila kitu. Kagua mpangilio wa chaneli kwenye kichwa cha faili, upana wa kila chaneli na alama yake ya kutoa (inayosema kwamba masafa yanashuka kutoka chaneli ya kwanza), na muda wa sampuli.

Swali la tatu: dishi lako linaweza? Chukua dishi la mita 25 lenye kelele ya mfumo ya jansky 350 (jansky ni kizio cha nguvu ya mawimbi ya redio), upana wa masafa wa megahezi 200, mikondo miwili ya polaraizesheni, mlipuko wa milisekunde moja. Kwa kizingiti cha 7, mlipuko usiofika karibu jansky 4 hutauona. FAST inaona iliyo dhaifu mara mamia kuliko huo. Hapa kuna kisa kinachonikumbusha unyenyekevu. FRB 20171019A ilinaswa na ASKAP ya Australia ikiwa na nguvu nyingi, wakarudi kuisikiliza saa nyingi, kimya. Kila mtu akaiweka kwenye kapu la zisizorudia. Dishi la Green Bank la Marekani lilipoelekezwa huko likapata marudio, dhaifu mara karibu 590 kuliko mlipuko wa kwanza. Chanzo kilikuwa kinaongea muda wote, kwa kunong'ona.

Swali la nne ni la msimu. FRB 20180916B ina mzunguko wa siku 16.35, na huamka kwa siku kama tano tu katika mzunguko huo. Ukiomba muda wa dishi bila kutazama kalenda, uwezekano mkubwa umesikiliza likizo. Tena dirisha lenyewe linahama kulingana na masafa: kwenye gigahezi 1.4 shughuli huanza mapema kuliko kwa CHIME, na darubini ya LOFAR, inayosikiliza chini ya megahezi 200, huipata siku kama tatu baadaye. Aliyenakili tarehe za CHIME na kuzitumia kwenye masafa yake bila kurekebisha amechelewa sherehe. FRB 20121102A nayo huonekana kuwa na msimu wa siku kama 157, ikiwa macho zaidi kidogo ya nusu ya muda huo. Nyingine, kama 20220912A, zilifumuka zenyewe bila ratiba.

La tano ni hesabu ya bahati. Watu husema: kiwango ni mlipuko mmoja kwa saa kumi, nimesikiliza saa thelathini, uwezekano wa kukosa ni asilimia 5 tu, kwa hiyo chanzo kimebadilika. Hesabu hiyo inadhani milipuko inakuja kama matone ya mvua ya kawaida, kila moja kivyake. Haiji hivyo. Inakuja kwa makundi kama daladala: unasubiri weee, kisha zinafuatana tatu. Agosti 26, 2017, Green Bank ilisikiliza FRB 20121102A kwa saa tano, na nusu saa ya kwanza peke yake ilitoa milipuko 45 kati ya 93 iliyokuja kujulikana. Aliyeanza kusikiliza baada ya hiyo nusu saa angeandika ripoti tofauti kabisa. Kwa chanzo cha namna hiyo, vikao kumi vya saa tatu vilivyotawanywa vina faida kuliko kikao kimoja cha saa thelathini.

Dalili: mwenzako amepata zaidi kwenye faili ileile

Inauma, lakini ina maelezo. Hizo 93 za Green Bank hazikupatikana zote kwa mkupuo. Utafutaji wa kawaida ulitoa 21. Mwaka 2018 kundi jingine likapitisha mtandao wa neva kwenye data zilezile na kuibua 72 zaidi.

Kilichofichwa mara nyingi ni upana. Milipuko ya vyanzo vinavyorudia ina tabia ya kujaza sehemu tu ya masafa, na kwa hili inatofautiana na ya mara moja. Tuseme mlipuko umekaa kwenye robo ya masafa yako. Ukijumlisha chaneli zote, umeongeza kelele ya robo tatu tupu, na uwiano unashuka kwa nusu: uliotakiwa kuwa 12 unakuwa 6, chini ya kizingiti. Hakuna aliyekosea mahali popote, na mlipuko umepotea. Gawanya masafa vipande viwili, kisha vinne vinavyopishana, tafuta katika kila kimoja. Kompyuta italalamika. Iache ilalamike.

Ukitumia kichujio cha kujifunza kama FETCH, jua kwamba kimefundishwa zaidi kwa mifano iliyotengenezwa kwa kompyuta. Penyeza milipuko ya bandia kwenye data zako mwenyewe, yenye DM, upana na nguvu unazozijua, kisha hesabu ngapi zimetoka upande wa pili. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayokupa haki ya kuandika neno "hakuna".

Dalili: mlipuko upo, lakini ni mpana na dhaifu kuliko wanavyosema wengine

Ndani ya chaneli moja ishara inachelewa pia, na hapo huwezi kuinyoosha baada ya kurekodi. Ucheleweshaji huo, kwa mikrosekunde, ni 8.3 × DM × upana wa chaneli kwa megahezi, gawanya kwa masafa ya gigahezi kwa kipeo cha tatu. DM 560, chaneli ya megahezi 1, gigahezi 1.4: milisekunde 1.7. Mlipuko wako wa nusu milisekunde umeshakuwa uji, na uwiano wake umebaki karibu nusu. Fanya hivyohivyo kwenye megahezi 400, unapata milisekunde 73. Ndiyo maana CHIME imekata masafa yake vipande 16,384.

Kama chaneli ni nyembamba vya kutosha, basi hatua zako za DM ni kubwa mno, au umejumlisha sampuli nyingi kupita kiasi ili kuokoa diski. Naelewa kishawishi. Chaneli 1,024 za biti nane kila mikrosekunde 64 ni gigabaiti 57 na ushee kwa saa, na diski za kuaminika si bei ya maandazi. Punguza baada ya kunyoosha, usipunguze kabla.

Dalili: umepata mlipuko wa pili, DM haifanani na ya kwanza

Tofauti ya vipimo vichache isikutoe jasho. Milipuko inayorudia huwa na vipande vinavyofuatana, kila kipande kikiwa chini kimasafa kuliko kilichotangulia. Programu inayotafuta DM yenye nguvu zaidi inavipanga vipande hivyo viwe juu ya kimoja, na hivyo inaongeza DM. Chagua DM inayofanya kila kipande kiwe na kingo kali, hata kama jumla inashuka.

Tofauti ikiwa mamia, una vyanzo viwili. Mei 2014 Parkes ilinasa mlipuko ndani ya mwale mmoja na FRB 20110220A, ikiwa inafuatilia eneo lilelile. DM ya kwanza 944, ya pili 563. Chanzo kinachorudia hakipotezi DM ya karibu mia nne kwa miaka mitatu bila sababu ya kutisha, na walioipata waliandika kwamba ni mlipuko mwingine. Mahali pamoja peke yake si ushahidi. Mwale ni mpana na anga ina mengi.

Dalili: umeona mzunguko

Pole. Sasa thibitisha kwamba si mzunguko wa dishi lako.

Ukisikiliza chanzo mara moja kwa siku, kinapopita juu, data zako zina mapengo ya siku moja ya nyota. Mapengo hayo yanaweza kuufanya mzunguko mfupi uonekane mrefu, kama gurudumu la gari kwenye filamu linaloonekana kurudi nyuma. CHIME walipotangaza siku 16.35 waliliandika tatizo hili wazi, kwa sababu darubini yao haigeuki, inasubiri anga ipite. Vipimo vya vikao virefu kutoka darubini za LOFAR na Apertif ndivyo vilivyofunga mjadala. Kama una dishi linaloweza kufuata chanzo kwa saa nane, lifanye hivyo siku ambayo mzunguko wako unasema kimya. Milipuko ikija siku hiyo, mzunguko umekwisha.

Rekebisha pia nyakati zote ziende kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa jua. Dunia ikiwa upande huu au ule wa jua, mwanga unawahi au kuchelewa hadi dakika nane na ushee. Kwa mzunguko wa siku 16 haidhuru. Kwa anayetafuta mzunguko wa sekunde ndani ya chanzo, bila marekebisho hayo anapiga ramli.

Saa zangu arobaini niliziendesha upya baada ya kubadilisha ile alama ya kutoa. Zilitoa milipuko miwili, yote DM 220 kasoro kidogo, yote nusu ya juu ya masafa. Mmoja ulikuwa na uwiano wa 14 na nilimwonyesha kila aliyepita ofisini. Wa pili una 7.3, na mpaka leo sijauandika popote.